Nipimeni Jioni

Kibondo
Ijumaa, 13 Septemba 1974

Naandika asubuhi kwa sababu asubuhi mkono ni wangu. Jioni si wangu, wala macho si yangu, wala ulimi.

Jana alasiri nilikaa dukani ili mume wangu, Isihaka, aende kuswali. Akaingia Abdulrahmani, dereva wa lori linaloleta maharage ya Nyabibuye, anataka betri za redio. Kope zangu zilikuwa zimeanza kushuka, kama zinavyoshuka kila siku jua likishapinda, na nikainua kidevu ili nimwone mtu ninayemuuzia. Isihaka akarudi akatukuta hivyo: mimi kidevu juu, macho nusu, Abdulrahmani anacheka jambo lake mwenyewe. Alingoja mteja aondoke, kisha akauliza, "Unamrembulia nani?"

Nikamwambia sirembui, macho yananifunga. Lakini saa ile sauti nayo ilikuwa imeshapanda puani, ikatoka kwa madaha ambayo hata mimi nikiyasikia nayachukia. Mimi, Tunu, mtoto wa Ujiji, niliyekuwa nikichaguliwa kusoma mbele ya wageni shuleni kwa sababu ya ulimi wangu. Sasa nikijitetea nazidi kuonekana mhuni.

Mama mkwe wangu, Bi Kuruthumu, ana shtaka lake tofauti. Yeye ni Muha wa Kasanda, alisilimu alipoolewa, na kwao salamu si jambo la kupita tu. Asubuhi ni "Mwakeye", jioni ni "Mwidiwe", na mkamwana huinama akapiga makofi taratibu mpaka mkubwa atosheke. Mwakeye namjibu vizuri. Mwidiwe hunishinda: makofi mawili matatu mikono inaanguka, na neno linatoka limepondeka. Anasema ni kiburi cha Waswahili wa Ujiji. Sina kiburi. Kiburi nilikuwa nacho zamani, kabla ya mwaka huu, na kilikuwa kizuri.

Jumanne, 17 Septemba

Mwezi umeandama, tumefunga. Vumbi. Mawingu yanakuja na kwenda zake.

Alhamisi, 19 Septemba

Jana wakati wa daku nilikula kuliko wote. Nilitafuna muhogo, nikatafuna samaki, mgebuka, mpaka mifupa, na Isihaka akanitania kwamba jua litanikuta bado nakula.

Futari ikawa mambo mengine. Tonge la kwanza lilipita. La pili taya zikawa nzito. La tatu lilikaa mdomoni halijui liende wapi, na nikashika kidevu kwa mkono ili kuisaidia taya. Nikaona ni aibu, nikanawa.

"Umeshiba?" akauliza Bi Kuruthumu.

"Sina nguvu ya kutafuna, Mama."

"Mtu aliyefunga tangu alfajiri hana nguvu ya kutafuna?" Akamgeukia mwanawe. "Isihaka, mwenye njaa namjua. Huyu hana njaa. Nyumba hii imeingia kobe."

Nilijua neno lile. Kobe ni mtu anayejifanya amefunga, kumbe mchana anachungulia jikoni, anaingiza kichwa na kukitoa. Sijawahi kula mchana wa Ramadhani tangu nilipovunja ungo, isipokuwa siku zinazoruhusiwa. Nilitaka kumjibu kwa maneno yenye makali, na yote niliyokuwa nayo yalifika puani yakaishia huko. Mwamvua, binti yangu wa miaka minne, akaniuliza kama ni kweli mimi ni kobe, na kama ni kweli, nyumba yangu ya mgongoni iko wapi. Wote walicheka isipokuwa mimi.

Jumamosi, 21 Septemba

Unga wa mahindi ya njano, wa kutoka ng'ambo, umefika dukani. Wateja wananunua huku wakilaumu.

Jumanne, 24 Septemba

Jana Isihaka mwenyewe alinipeleka kwa mganga wa zahanati, sitaki kumnyima haki yake. Tulifika mapema, tukawa wa kwanza.

Mganga ni kijana mpole. Alikuwa na nyundo ndogo ya mpira. Akagonga goti, mguu ukaruka wenyewe, akagonga na la pili. Akaniambia nifumbe macho niseme kila anaponigusa, mara kwa pamba, mara kwa ncha ya pini. Nilisema kila mara, sikukosea. Akanipapasa nyuma ya kiwiko akitafuta mshipa uliovimba, kama wanavyopimwa wenye ukoma. Hakukuta kitu. Mwisho akasema, "Nisukume mkono." Nilimsukuma mpaka kiti chake kikasogea.

"Mishipa ya fahamu mizima, misuli mizima," akasema. "Mama, una nguvu kuliko mimi. Labda damu imepungua kidogo."

"Nipime jioni," nikamwambia. "Maradhi yangu hayaamki asubuhi."

Akacheka, bila ubaya. "Jioni tumefunga, mama."

Isihaka, katika yote yaliyosemwa mle ndani, alichukua neno moja tu, kwamba nina nguvu kuliko mganga. Alilibeba mpaka nyumbani. Bi Kuruthumu akauliza nimepimwa nini, naye akamjibu, "Mishipa."

"Mshipa?" akasema Bi Kuruthumu. "Mshipa wa ngiri si maradhi ya wanaume?"

Nilicheka. Ilikuwa imeshakuwa alasiri, na kicheko kikaniacha taya imelegea, haitaki kurudi, nikaisukuma juu kwa kiganja. Yeye akadhani namkejeli kwa uso. Nilikwenda uani nikalia, na kulia nako kunachosha.

Jumanne, 24 Septemba

Jana nilimeza vidonge vya damu wakati wa daku. Jioni ikaja ileile.

Ijumaa, 27 Septemba

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisimani Siti, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amewaambia wenzake kwamba mke wa Isihaka anakula mchana na kurembua jioni, kwa hiyo Ramadhani yake haina hata saa moja iliyo salama. Wamelipenda neno hilo. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini Siti yeye huchagua.

Limemfikia Isihaka. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alinijia alfajiri baada ya daku, akakaa pembeni ya kitanda, akasema, "Mama Mwamvua, mimi ni mtu wa biashara. Watu wakinicheka hawanunui. Idi ikipita hujabadilika, nitakuandikia karatasi. Mtoto atabaki kwa bibi yake."

"Nibadilike niwe nini?"

Akafikiri. Ni mtu mkweli, akiulizwa hufikiri. "Uwe kama ulivyo asubuhi," akasema.

Hakuna aliyewahi kuueleza ugonjwa wangu vizuri zaidi ya hapo, na yeye hakujua kama anaeleza ugonjwa. Nilimwomba anitafutie mtu wa kunipima jioni. Akasema nimeshapimwa.

Karatasi ya talaka naweza kuivumilia. Wapo wanawake wazima walioivumilia na wanaishi. Mwamvua siwezi. Nimeandika hapa ili nikisoma mchana nisijidanganye kwamba naogopa kitu kingine.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua ya kwanza. Ilianza kabla ya adhuhuri ikanyesha hadi maghrib, na baridi ikaingia ndani ya nyumba ikakaa nasi. Sijui ni baridi au ni rehema tu, lakini macho yangu yalibaki wazi. Nilikula futari nusu sahani. Bi Kuruthumu aliposema "Mwidiwe", nikainama, nikapiga makofi, nikamjibu neno zima. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha.

Bi Kuruthumu hakufurahi. Alinitazama, akasema taratibu, "Kumbe ukitaka unaweza."

Jumatatu, 30 Septemba

Jua limerudi. Na mengine yote pamoja nalo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Jana Isihaka alialika wazee watatu wa msikitini wafuturu kwetu. Nadhani alitaka wawe karibu akiamua jambo lake. Niliandaa uji mwepesi wa pilipili manga, bila sukari kwa kuwa sukari haipo, nikakaa na wanawake upande wa pili wa pazia. Pazia lenyewe lilikuwa wazi. Nilijilazimisha kunywa ili nionekane nakunywa. Funda la pili halikushuka. Lilirudi likatokea puani, na jingine likaenda njia ya hewa, nikaanza kukohoa kikohozi kisicho na nguvu, kikohozi cha mtoto mchanga. Kichwa kikaangukia kifuani, sikuweza kukiinua.

Kwa muda hewa haikuingia. Nakumbuka mkeka, nakumbuka vidole vya miguu ya Bi Kuruthumu, na nakumbuka kuwaza kwamba hawa watu wataniosha na kunizika wakiniita kobe. Isihaka alikuja akanipiga mgongoni mpaka uji ukatoka. Wazee waliacha sahani zao wakaenda kuswali, na hawakurudi.

Leo asubuhi, nikiwa mzima kama mtu mwingine, Isihaka alisema hatangoja Idi. Mama yake atanipeleka Kasulu kwa Ami Abdalah, ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, nikapumzike. Nalijua neno kupumzika. Ndilo wanaume wa huku hulitumia wakimrudisha mtu kwao, na karatasi hufuata nyuma na mtu yeyote anayesafiri. Nikamuuliza kuhusu Mwamvua. Akasema njia ni mbaya kwa mtoto, mvua zimeanza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jana jioni Mwamvua alinikalia mapajani. Alikiinua kigubiko cha jicho langu kwa kidole, kwa upole sana, akachungulia, akasema, "Mama, umo?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimo. Akakiachia, kikashuka, akakiinua tena. Aliucheza mchezo huo mpaka akachoka, na mimi sikutaka achoke.

Jumapili, 6 Oktoba
Kasulu

Gari lililopatikana jana ni la nani kama si la Abdulrahmani. Bi Kuruthumu alikaa kati yetu, kibuyu chake cha maziwa mapajani, mgongo wima safari nzima ili tusitazamane bila yeye kuona. Tope lilitushika mara mbili. Kufika alasiri kichwa changu kilikuwa kimemlalia begani. Hakukisukuma, na wala hakukishika.

Ami Abdalah hununua kahawa na asali. Maisha yake ameyapitisha mbele ya mizani. Bi Kuruthumu alimweleza kwa heshima, kama desturi inavyotaka, kwamba amemrudisha mtoto apumzike. Mimi nilikuwa nimeketi pale na ulimi wangu umekufa. Ami akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "kwangu mzigo haupokelewi bila kupimwa. Nikipokea bila kupima, kesho ukionekana umepungua nitamdai nani?"

"Ameshapimwa. Kibondo walimpima, wakamwona mzima."

"Mizani ya Kibondo ni ya Kibondo," akasema Ami, akaagiza chai ya kufuturu.

Leo asubuhi nimemweleza yote kwa sauti yangu mwenyewe. Akauliza kwa nini sikumwambia mganga anipime jioni. Nikamwambia nilimwambia. Akasema kuna hospitali ya misheni nje ya mji, daktari wake anaishi palepale, naye hununua asali kwake. Akatuma mtu. Nikamwambia Bi Kuruthumu, "Mama, usinikabidhi bado. Twende wote. Ukiona nadanganya, sitakudai kitu, hata mtoto sitamdai." Nilipomaliza kusema hayo ndipo nilipoogopa nilichosema.

"Ego," akasema. Ndiyo ya Kiha. "Nitakuja nione."

Jumanne, 8 Oktoba

Nitaandika ya jana polepole, asubuhi ni ndefu.

Tulifika hospitali baada ya alasiri, wagonjwa wa nje wameshaondoka. Dakta Sylvesta ni kijana kuliko nilivyotarajia. Pamoja naye alikuwa muuguzi Esteri, mkimbizi wa Burundi aliyekuja miaka miwili iliyopita. Yeye na Bi Kuruthumu walisalimiana kwa lugha zao mbili zinazoelewana, wakaulizana ng'ombe na watoto, na uso wa Bi Kuruthumu ukalainika kidogo. Kisha akakaa kwenye benchi la ukutani, mikono imefungwa kifuani. Alikuja kama shahidi wa upande wa pili, na alikaa kama shahidi.

Daktari aliuliza, "Umefunga?"

"Nimefunga."

"Dini yenu si inamruhusu mgonjwa kula?"

"Mgonjwa anaruhusiwa," nikamjibu kwa puani. "Mimi bado sijawa mgonjwa. Kwa sasa ni kobe."

Hakucheka. Alinipa maji, akaniambia saumu nitailipa siku nyingine, na leo anataka nimeze mbele yake. Nilimtazama Bi Kuruthumu. Alitazama dirishani. Nikanywa, nusu yakashuka.

Nyundo ilikuwa ileile, goti likaruka vilevile. Pamba vilevile. Halafu akafanya ambayo mganga wa Kibondo hakuyafanya. Aliinua kidole juu ya paji langu, akasema nikitazame nisishushe macho. Nikakitazama. Kope zikaanza kushuka zenyewe, polepole, kidole kikazama nyuma yake. Akaniambia nihesabu kwa sauti. Nilianza na sauti yangu ya Ujiji. Kufika ishirini ilikuwa imeingia puani, thelathini haikusikika. Akaniambia ninyooshe mikono mbele, ikashuka. Akaniambia nifumbe macho nipumzike kidogo, kisha akarudia, na kope zikainuka kwa muda mfupi zikaanguka tena. Aliniambia kwamba alilitarajia hilo.

"Nitakuchoma sindano," akasema. "Tutangoja tuone."

Akanichoma begani. Tukangoja. Esteri alikuwa anakunja bandeji, mvua ya rasharasha ikigonga bati. Nilijua hiyo ndiyo dawa, na sijawahi kutaka kitu nilivyotaka ile dawa ifanye kazi. Nilimfikiria Mwamvua na kidole chake. Nilivuta kope kwa kila nguvu niliyoijua, paji la uso likakunjamana mpaka likauma, na kope hazikutikisika. Daktari akaniambia nihesabu, nikatoa pumzi tu.

Bi Kuruthumu akasema kwa Kiswahili, ili daktari asikie, "Si mnaona."

Nilikata tamaa pale. Naliandika neno hilo kama lilivyo.

Daktari akachukua bomba jingine, akanichoma tena, bila kueleza. Mara hii baada ya muda tumbo likanikata, mate yakajaa mdomoni, nyama za shavu zikawa zinachezacheza chini ya ngozi. Nilidhani ananiua. Kisha ukuta wa mbele ukaanza kuongezeka. Nilikuwa nauona nusu, nikauona robo tatu, nikaona msalaba juu ya mlango ambao sikujua upo, nikamwona Bi Kuruthumu mzima kuanzia ushungi hadi kandambili. Sikuwa nimeinua kidevu.

"Hesabu," akasema daktari.

Nilihesabu. Nilipita thelathini, nikapita hamsini, na sauti ilikuwa yangu. Esteri aliacha bandeji.

Bi Kuruthumu alisimama. Nilidhani anatoka nje. Alinijia mpaka mbele yangu, akanitazama macho, moja baada ya jingine. Daktari ana nyundo yake, na yeye alikuwa na kipimo chake. Akasema, "Mwidiwe."

Nikashuka kitini, nikainama, nikapiga makofi, na mikono haikuanguka. "Mwidiwe, Mama," nikasema. Niliendelea kupiga mpaka yeye mwenyewe akasema basi.

Jua lilizama tukiwa pale. Ami alituletea chapati na nyama, tukafuturu kwenye veranda ya misheni. Nilitafuna nyama. Ilikuwa ngumu, ya ng'ombe mzee, na niliitafuna yote, nikachukua nyingine. Nililia nikitafuna na wala sikuficha. Bi Kuruthumu hakula sana, alikuwa ananitazama taya.

Daktari alikuwa amenionya kwamba haitadumu. Tulipokuwa tunangoja gari la Ami, Bi Kuruthumu aliniambia tena, "Mwidiwe," nami nikamjibu vizuri. Baada ya kidogo akaniambia tena. Nilijua anachofanya. Mara ya nne neno liliingia puani. Mara ya tano makofi yalikuwa mawili. Mara ya mwisho aliinama yeye, akalisogeza sikio mpaka mdomoni kwangu, na alichopata ni pumzi. Akaacha kunisalimu. Alinishika kichwa, akakiegemeza begani kwake, akakishika hapo kwa mkono mpaka tukafika.

Nyumbani kwa Ami, kabla ya kulala, alisema, "Daktari ameniambia. Sindano ya kwanza ilikuwa maji ya chumvi tu."

Nikatikisa kichwa kwamba sikujua.

"Najua hukujua. Nilikuona unavyojivuta. Mwongo angefumbua palepale."



Jumatano, 9 Oktoba

Daktari amenieleza hivi. Mishipa ya fahamu hutuma amri, misuli huipokea. Ya kwangu asubuhi inasikia, lakini kadiri inavyoamrishwa ndivyo inavyokuwa viziwi, na kufika jioni haisikii kitu. Dawa inaizibua masikio kwa saa chache. Haiponyi. Jina lake la Kizungu ameliandika kwenye karatasi. Ami alijaribu kulisoma akarudisha miwani mfukoni.

Amenipa vidonge vya dawa hiyohiyo, vichache, vingine ataviagiza Dar es Salaam na hajui vitafika lini. Nimeze nusu saa kabla ya chakula, mchana na jioni. Nisifunge. Pumzi ikipungua nije hata kama ni kwa kubebwa. Nikamuuliza kama nitakufa kwa ugonjwa huu. Alisema wengine hufa, wengine huishi nao muda mrefu, na asingependa kunidanganya. Nilimshukuru kwa hilo baadaye, si pale pale.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kibondo

Tumerudi jana jioni kwa lori lilelile. Mara hii mimi nilikaa katikati, na Bi Kuruthumu akamweleza Abdulrahmani njia nzima jinsi macho yangu yanavyofungwa, mpaka maskini akawa anaendesha bila kugeuza shingo.

Isihaka alikuwa mlangoni. Alishtuka kuniona nashuka. Mama yake alimwita ndani, akafunga mlango, na mimi nikabaki barazani na Mwamvua amening'inia shingoni. Sauti yake niliisikia vizuri, hakuishusha.

"Uliniambia nimrudishe, nimemrudisha. Hapa ndipo kwake. Ile karatasi yako kafungie wateja sukari, siku sukari ikipatikana."

Leo alfajiri Isihaka alinijia pale pembeni ya kitanda. Alikaa, akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia kila asubuhi."

"Asubuhi ulikuwa mzima."

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo ugonjwa wangu ulivyo."

Alinishika mkono. Bado nina hasira naye. Nitakuwa nayo kwa muda, na nimemwambia, naye akasema sawa. Alikwenda kufungua duka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika alasiri, herufi zinaanza kulala, lakini la leo sitaki lisubiri kesho.

Adhuhuri nilimeza kidonge, nikachukua bakuli la uji nikaingia nao chumbani, nyuma ya pazia, nile bila kumkera mtu aliyefunga. Bi Kuruthumu akanifuata. Akauliza nakwenda wapi na uji.

"Kula, Mama."

"Ukila huku ndani utakuwa kobe kweli," akasema.

Akaninyang'anya bakuli. Akachukua kigoda chake mwenyewe, ambacho hata Isihaka hakikalii, akakitoa mpaka barazani, mbele ya duka, mahali ambapo mji wote hupita ukitoka sokoni. Akanikalisha. Akakaa mkekani pembeni yangu, yeye na saumu yake, midomo imemkauka, akaweka bakuli mapajani kwangu na kijiko ndani yake.

Nilisema, "Mama, ni Ramadhani. Watu."

"Nawaona."

Isihaka alitoka dukani, akatutazama, akarudi ndani. Akatoka tena na gunia tupu, akalitundika upande wa jua ili nipate kivuli. Wateja wawili wa Kumsenga waliacha kuongea. Nilichota kijiko cha kwanza mbele yao.

Siti akatokea na ndoo yake kichwani. Akapunguza mwendo, akatazama bakuli, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Bi Kuruthumu," akasema, "naona leo kobe ametoka hadharani."

Bi Kuruthumu hakuinuka. Alikuwa ananifuta uji kidevuni kwa ncha ya kanga yake, akamaliza kwanza kufuta.

"Ego," akasema. "Ni wangu. Pita salama."

Kisha akanigeukia. "Kula, mwanangu, dawa isije ikaisha."

Nikala, nikamaliza bakuli.